Sura ya Sita: Siku ya Kutoka Soba

Mtu anaweza kuingia soba, yaani nyumba ya kuwasaidia waraibu kuacha dawa za kulevya, akiwa mifupa mitupu, macho hayatulii, kila swali analojibu lina uongo ndani yake, na baada ya miezi mitatu akawa mtu mwingine kabisa. Amenawiri. Analala usiku. Husimama mbele ya wenzake akaeleza aliyoyafanya bila kumsingizia baba, mke wala marafiki, na mama yake akija kumtazama humuuliza habari za presha yake, jambo ambalo hakuwahi kuliuliza kwa miaka. Jamaa hurudi nyumbani wakishukuru kwamba amepona. Mabadiliko waliyoyaona ni ya kweli, wala si maigizo ya kutaka kutolewa mapema. Lakini ni mabadiliko ya mtu aliye mahali maalumu, kati ya watu maalumu, chini ya ratiba maalumu, na sehemu kubwa ya nafsi yake mpya bado imeshikiliwa na vitu hivyo. Kwa hiyo siku ya kutoka, ambayo familia huihesabu kuwa siku ya ushindi, ndiyo inayofungua kipindi cha hatari kubwa kuliko vyote tangu alipoingia. Nyumba isiyoipangia siku hiyo imefanya nusu ya kazi, na nusu iliyoachwa ndiyo inayoua. Hiyo ndiyo hoja ya sura hii, na nitaijenga juu ya heroini, kwa kuwa ndiyo iliyotuumiza zaidi katika mwambao wetu tangu miaka ya 1980, kuanzia Malindi na Mombasa hadi Unguja na Dar es Salaam.

Kwanza tuone ni nini hasa kinachobadilika. Arosto ya heroini huanza saa chache baada ya kete ya mwisho, hufikia ukali wake siku ya pili au ya tatu, na kwa kawaida hulegea ndani ya siku kumi hivi. Wengi hudhani kazi ngumu ndiyo hiyo: akishavuka kutapika, kuharisha na maumivu ya viungo, kilichobaki ni kumlisha tu. Kumbe mwili ukitulia ndipo ugumu wa akili unapojitokeza. Ubongo uliozoea kupokea raha kutoka nje umepunguza ile unayoitengeneza wenyewe, na kuirudisha huchukua miezi. Katika kipindi hicho usingizi hauji, chakula hakina ladha, mazungumzo yanachosha, neno dogo linawasha hasira. Mtu hana maumivu tena, ila hana pia kinachompendeza. Hapo ndipo wengi huomba kuondoka, na sababu wanazotoa husikika za busara: mtoto anaumwa, kuna kazi inamsubiri, amekwisha jifunza vya kutosha. Wasimamizi wa soba ambao waliwahi kuwa mateja huzijua sababu hizo moja moja, maana walizitoa wao wenyewe walipokuwa upande wa pili.

Lipo badiliko jingine lisiloonekana kwa macho, nami naliona kuwa zito kuliko yote. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani, Nancy Petry, Warren Bickel na Martha Arnett, waliwapa watu mwanzo wa kisa cha mtu anayeamka asubuhi na kuanza kuyawaza maisha yake ya mbele, kisha wakawataka wakimalizie. Wasiotumia dawa walisimulia mambo yaliyofika wastani wa miaka 4.7 mbele. Waraibu wa heroini walifika siku 9. Mtu ambaye mbele yake pana siku tisa tu hawezi kutishwa na ugonjwa wa ini utakaomjia baada ya miaka kumi, wala kuvutwa na ahadi ya kujengewa nyumba akiacha. Mahubiri yote ya wazazi huanguka nje ya upeo anaouona. Ndiyo maana ratiba ya soba, ambayo mgeni huiona kama ya jeshi au ya madrasa, ina kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa: kuamka saa ile ile, kusali, kufagia, kwenda mkutanoni, kupika kwa zamu, kujua wiki hii kwamba wiki ijayo zamu ya jikoni ni yake. Mtu anarudishiwa kesho, kisha keshokutwa, kisha mwezi ujao. Akifika mahali pa kusema kwamba Ramadhani ijayo anataka kufunga akiwa kwao, amepiga hatua ambayo hakuna sindano wala kidonge kingeweza kumpigisha.

Nguvu ya pili ya nyumba hizi ni kundi. Unguja zilianza mwaka 2009, zikiendeshwa na watu waliokwisha kuacha wenyewe na kufuata hatua 12 za Narcotics Anonymous, na mtindo huo ukaenea bara. Mwanasaikolojia Albert Bandura alionyesha mwaka 1977 kwamba imani ya mtu kuwa analiweza jambo hukua kwa njia kadhaa, mojawapo ikiwa kumwona mtu wa hali kama yake akilifanya. Daktari hawezi kumpa teja kitu hicho, hata awe na elimu gani. Anayeweza kumpa ni yule waliyelala naye maskani moja, ambaye leo ana funguo za stoo mkononi na hajagusa unga kwa miaka miwili. Kundi pia huondoa aibu kwa namna ambayo familia haiwezi. Mtu akisimulia kwamba aliiba sufuria ya mama yake ikiwa jikoni na uji ndani, wenzake hawashtuki, kwa sababu nusu yao walifanya hivyo hivyo. Aibu iliyosemwa na kupokelewa haihitaji tena kufunikwa na kete.

Kundi hilo hilo likitumiwa vibaya huharibu. Mzazi wa nyumba za namna hii duniani ni Synanon, iliyoanzishwa California mwaka 1958 na Charles Dederich, mlevi aliyeacha pombe. Kiini cha tiba yake kilikuwa kikao walichokiita Mchezo, ambamo mtu aliwekwa katikati na kushambuliwa kwa maneno mpaka avunjike. Nyumba nyingi zilizofuata ziliiga ukali ule, na baadhi ya nyumba katika Afrika Mashariki bado zinaamini kwamba teja lazima adhalilishwe kwanza ndipo ajengwe upya. Ziko hata zinazopiga na kufunga minyororo. Ushahidi hauko upande wao. Mwaka 1993 William Miller na wenzake walichapisha utafiti juu ya walevi waliopewa ushauri, wakakuta kwamba kadiri mshauri alivyombana na kumpinga mgonjwa, ndivyo mgonjwa alivyokunywa zaidi mwaka mmoja baadaye. Anayefungwa mnyororo hufundishwa utii, na utii unahitaji bwana wa kuusimamia. Huko mtaani bwana huyo hayupo. Mwezi Machi 2012 mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko la pamoja la kutaka vituo vinavyoshikilia watumiaji wa dawa kwa nguvu vifungwe, na tamko lile lilistahili kusikilizwa kuliko lilivyosikilizwa.

Synanon ilikutana na tatizo ambalo ndilo moyo wa sura hii. Waliokaa ndani walidumu bila dawa, waliotoka walirudia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Dederich alikata shauri kwamba hakuna tena kuhitimu, mtu abaki humo maisha yake yote. Jumuiya ile ikageuka kuwa madhehebu yenye vitisho, na mwaka 1978 watu wake walimtegea wakili aliyekuwa akiwashtaki nyoka mwenye sumu kwenye sanduku lake la barua. Ni mwisho mbaya, lakini uamuzi uliouanza ulikuwa ungamo kubwa: nyumba ilijua kumbadilisha mtu ndani ya ukuta, na haikujua kumtoa nje.

Serikali ya Marekani ilikuwa imekwisha kuliona jambo hilo zamani. Mwaka 1935 ilifungua Lexington, Kentucky, hospitali kubwa iliyo nusu gereza, yenye mashamba na karakana, mbali na miji walikotoka wagonjwa. Humo waraibu walikaa miezi, wakafanya kazi, wakanenepa, wakatoka wakiwa wazima machoni pa madaktari. Hunt na Odoroff walipowafuatilia zaidi ya wagonjwa 1,800 waliorudi New York, walichapisha mwaka 1962 kwamba takriban tisa katika kila kumi walirudia, wengi wao ndani ya miezi sita. Daktari Abraham Wikler, aliyefanya kazi hospitalini humo, alikwisha kuona dalili ya sababu yake. Wagonjwa waliokaa miezi bila dawa, wakizungumzia unga katika kikao, walianza kupiga miayo, kutokwa na machozi na makamasi, yaani alama za arosto, ilhali miilini mwao hamkuwa na kitu. Wengine walieleza kwamba hali hiyo iliwarudia walipokaribia mitaa yao. Wikler alihitimisha kwamba mwili hujifunza mahali kama unavyojifunza dawa yenyewe: kona ile, sauti ya pusha yule, karatasi ya sigara iliyokunjwa namna ile, vyote huwa sehemu ya uraibu, na hospitali iliyo mashambani haina hata kimoja cha kumzoesha mgonjwa kukabiliana navyo.

Hapa pana jambo linalowadanganya hata wenye nia njema. Aliyekaa soba miezi minne husema kwa ukweli wote kwamba hana hamu tena, na hana kweli. Lakini Jeffrey Grimm na wenzake walichapisha mwaka 2001 matokeo ya majaribio kwa panya waliozoeshwa kokeini kisha wakanyimwa. Wakati panya walipoonyeshwa tena ishara zilizokuwa zikiandamana na dawa, hamu yao haikuwa kubwa zaidi siku za mwanzo baada ya kunyimwa. Iliongezeka kadiri siku zilivyopita, na baada ya miezi miwili ilikuwa kali kuliko ilivyokuwa wiki ya kwanza. Majaribio ya baadaye yalionyesha mwelekeo kama huo kwa heroini. Panya si mtu, na sitaki kupandisha hoja juu ya mgongo wake kuliko anavyoweza kubeba. Hata hivyo jambo hili linaeleza lile ambalo wasimamizi wa soba hulisema kila siku: mtu mtulivu kabisa ndani ya nyumba anaweza kuwaka moto dakika kumi baada ya kushuka kwenye daladala mtaani kwao. Utulivu wake ulikuwa wa kweli, ila haukuwa umepimwa.

Na akirudia, mwili wake si ule wa zamani. Shepard Siegel aliwazoesha panya heroini katika chumba kimoja, kisha mwaka 1982 akaripoti kilichotokea alipowapa dozi kubwa. Waliopewa katika chumba walichokizoea, asilimia 32 walikufa. Waliopewa dozi ile ile katika chumba kigeni, asilimia 64. Mwili hujiandaa kuipokea dawa pale tu unapoitambua hali ya kuitarajia, na maandalizi hayo yakikosekana dozi ya jana inakuwa sumu ya leo. Kwa binadamu, John Strang na wenzake wa London waliwafuatilia wagonjwa 137 waliolazwa ili waache heroini au dawa za jamii yake, wakachapisha mwaka 2003. Katika miezi minne ya kwanza watatu walikufa kwa kuzidisha dozi, na wote watatu walitoka katika kundi la waliomaliza matibabu na kupoteza ustahimilivu wa mwili. Miongoni mwa walioshindwa na kuondoka mapema hakufa hata mmoja kwa sababu hiyo katika muda huo. Idadi ni ndogo, lakini mwelekeo wake umethibitishwa mara nyingi na tafiti kubwa zaidi kwa wanaotoka magerezani na mahospitalini. Mgonjwa aliyefanya vizuri zaidi ndiye aliyetoka na mwili dhaifu zaidi mbele ya unga. Kila soba inapaswa kumwambia mwanafunzi wake jambo hili kwa maneno makavu kabla hajafunga begi, na kuiambia familia yake pia. Wapo wanaoogopa kwamba kulisema ni kumfundisha arudie. Kukaa kimya kumekwisha kuzika wengi.

Yupo atakayeuliza: mbona wengine huacha bila shida? Mfano unaotajwa sana ni askari wa Marekani waliopigana Vietnam. Lee Robins aliwahoji waliorudi mwaka 1971, na karibu mmoja kati ya watano alisema alikuwa mraibu wa heroini au dawa za jamii yake akiwa kule. Serikali iliogopa janga mijini. Kati ya waliokuwa waraibu vitani, wachache mno, kiasi cha asilimia 5, walirudi kwenye uraibu ndani ya miezi kumi ya kwanza nyumbani, na asilimia 12 ndani ya miaka mitatu. Wengi hawakupata matibabu yoyote ya maana. Wapo wanaouchukua utafiti huu kama ushahidi kwamba uraibu ni hiari tu. Mimi nausoma kinyume. Askari aliondoka mahali alipojifunzia heroini, asirudi tena huko. Mashamba ya mpunga, joto, hofu, marafiki wa kikosi, heroini safi kwa bei ya kutupa, vyote vilibaki ng'ambo ya bahari. Teja wa kwetu yuko katika hali iliyopinduliwa: soba ndiyo ng'ambo yake, na anaporudi nyumbani anarudi Vietnam.

Pingamizi la watu wa dini nalichukulia kwa uzito, kwa sababu dini imewatoa wengi kwenye unga na itaendelea kuwatoa. Wanasema moyo ukibadilika kweli hauhitaji kuchaguliwa mtaa. Anayerudia hakutubu sawasawa. Lakini mafundisho ya dini yenyewe hayasemi hivyo. Waislamu wanakijua kisa cha mtu aliyeua watu mia akataka kutubu: mwanachuoni hakumhoji juu ya unyofu wa moyo wake, bali alimwambia aihame nchi yake kwa kuwa ni nchi ya ubaya, aende kuishi na watu wanaomwabudu Mungu. Toba yake ilikuwa imekubalika, na bado aliamriwa kubadili mahali na majirani. Kumwambia kijana aliyetoka soba kwamba imani yake itajulikana kwa kukaa karibu na maskani yake ya zamani bila kuanguka ni kumtwisha mzigo ambao aliyeua watu mia hakutwishwa.

Wengine watatumia ushahidi huu wote kusema soba hazina maana, zifungwe, pesa zipelekwe kwingine. Hilo silikubali. Mwaka 2000 Thomas McLellan na wenzake walilinganisha uraibu na maradhi mengine sugu wakaonyesha kwamba waraibu wanaorudia baada ya matibabu ni kama asilimia 40 hadi 60, na wenye shinikizo la damu au pumu ambao hali zao hurudi kuwa mbaya ni asilimia 50 hadi 70. Hakuna anayesema kliniki ya presha ifungwe kwa sababu mgonjwa aliacha vidonge presha ikapanda. George Vaillant naye aliwafuatilia wanaume 100 wa New York waliopitia Lexington, kwa miaka kumi na miwili na zaidi. Karibu wote walirudia mwanzoni, lakini kadiri miaka ilivyopita wengi waliacha, na kilichowatofautisha hakikuwa muda waliokaa hospitalini peke yake. Waliosimamiwa kwa karibu kwa muda mrefu baada ya kutoka, wakiwa na kazi ya kwenda na mtu wa kuripoti kwake, walifanya vizuri kuliko waliotibiwa tu au kufungwa tu. Ni kweli kwamba anayekubali kusimamiwa huenda tayari ana ari kuliko mwenzake, na pingamizi hilo huzisumbua tafiti zote za muda wa kukaa ndani. Wale wa Vaillant, hata hivyo, hawakujichagulia. Wengi walilazimishwa na masharti ya kuachiwa kutoka gerezani. Usimamizi wenyewe ulifanya kazi.

Kuhusu methadoni, dawa inayotolewa kliniki badala ya heroini, mabishano ni makali zaidi, maana soba nyingi zimejengwa juu ya msimamo wa kutotumia chochote, na mgonjwa wa methadoni huambiwa amebadilisha bwana tu. Tanzania ilianza kuitoa Muhimbili mwezi Februari 2011, na Kenya ikafuata katika hospitali ya Mathari mwishoni mwa 2014. Uchambuzi wa Luis Sordo na wenzake wa mwaka 2017, uliokusanya tafiti za nchi nyingi, ulikuta vifo 11.3 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka wakiwa kwenye methadoni, na 36.1 wakishaiacha. Msimamo wa kutotumia chochote nauheshimu kwa anayeuchagua na kuuweza. Lakini nyumba inayomfukuza aliyerudia mara tatu badala ya kumwonyesha njia ya kliniki inalinda msimamo wake kwa kumtoa mtu kafara. Mabadiliko ya nafsi niliyoyaeleza, yaani upeo wa wakati, kundi, aibu iliyosemwa, yote yanawezekana kwa mtu anayekunywa methadoni kila asubuhi. Na yeye anayaendeleza akiwa mtaani kwake, mahali pale pale ambapo lazima aishi.

Kazi ya kutoka, basi, ianze mwezi wa pili. Mwanafunzi apelekwe mtaani kwao na msimamizi, kwa saa mbili kwanza, warudi, waongee kikaoni alichokisikia mwilini mwake. Aende tena. Afanye mazoezi ya kumkatalia pusha kwa sauti, mbele ya wenzake, mpaka maneno yawe mepesi kinywani. Ajue mkutano uko wapi, siku gani, na nani atampitia kuwahi. Awe na mahali pa kulala ambapo dirisha halitazami maskani, ikiwezekana kwa shangazi au mjomba wa mtaa mwingine, na kazi yoyote halali, hata ndogo, ya kumwamsha asubuhi. Nyumbani pawepo naloksoni, dawa inayorudisha pumzi kwa aliyezidisha heroini, na mtu anayejua kuitumia. Familia nyingi hukosea kwa njia mbili zinazopingana: ama zinamkabidhi pesa nyingi ili zimpime, ama zinaficha hata vijiko na kumchungulia chooni. Zote mbili humwambia kwamba bado anahesabiwa kuwa yule wa zamani.

Kama una mtu wako unayetaka kumpeleka, kabla ya kulipa mwezi wa kwanza mwulize mwenye nyumba maswali haya: siku ya kutoka atakwenda wapi, nani atakuwa naye wiki ile, na akianguka mtampokea au mtamfukuza? Kama hana majibu, tafuta nyumba nyingine.